Balbu Tatu Kwenye Waya Mmoja

Nyambura mama,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko chumba cha pili, nimekusikia ukikohoa sasa hivi, na sanduku lako limekaa katikati ya sebule hivi kwamba nimelizunguka kama mgeni ndani ya nyumba yangu. Mambo ya blanketi, ya dawa ya kifua na ya kutoazima watu sufuria nimeyasema wiki nzima, mpaka umeanza kuyamalizia kabla sijafika katikati. Sitayarudia.

Kesho baba yako atakupeleka chuo Eldoret, nami nilikuwa nimepanga kujificha jikoni nikijifanya nina kazi nyingi. Lakini kuna jambo ambalo nataka ulisikie kwangu. Nikinyamaza, utaligundua mwenyewe. Shuleni mlisoma mambo ya stima kwa kuchora, kwa sababu vifaa havikuwatosha. Chuoni watakupa waya, balbu na bisibisi, na siku moja utaunga balbu tatu kwa namna fulani, utawasha swichi, na zitawaka nyekundu, dhaifu, kama macho ya mtu aliyeamka na homa. Utasimama hapo uzitazame. Utakumbuka kwamba umewahi kuona mwanga huo, na utakumbuka ni wapi. Nimekuwa nikiogopa siku hiyo tangu ujumbe wa chuo ulipoingia kwenye simu.

Ni habari ya vifaranga. Si wewe uliyewaua, Nyambura. Ni mimi, na nimelijua hilo tangu jioni ya siku ile ile.

Nimeandika hayo nikainuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa, ingawa niliufunga mwenyewe. Sasa nimerudi. Nikisimama tena sitakuambia.

Wakati ule ulikuwa kidato cha pili. Dada yako Wangari alikuwa ameshaolewa Kiamunyi, baba yako alikuwa Mai Mahiu akiziba magurudumu ya malori kama afanyavyo hadi leo, na hapa Dundori tulibaki mimi na wewe, ng'ombe mmoja na shamba la viazi. Chama chetu cha akina mama kilikata shauri kufuga kuku wa mayai. Kila mama alitoa sehemu yake, tukanunua vifaranga wa siku moja, na ikakubaliwa walelewe kwangu kwa sababu stoo yangu ilikuwa na stima na haikuwa ikivuja. Unakumbuka nilivyokuwa nikitembea wiki hiyo. Mama Shiru, mwenyekiti wetu, alisema tumwite fundi kutoka Nakuru aje atufungie taa za kuwapa joto, maana baridi ya huku juu haina huruma na kiumbe kidogo namna ile. Nikamwambia fundi wa nini, na mimi nipo.

Nakueleza kile kiburi kilitoka wapi, si ili unihurumie, ila ukijue ukikiona. Mwanamke ambaye bwana yake huja nyumbani mwisho wa mwezi huzoea kufanya kila kitu. Nilikuwa nimejenga ua, nimeziba paa, nimebadilisha soketi iliyoungua. Kila nilipofaulu jambo moja nilijiona najua hata yale ambayo sijayajaribu. Watu walinisifu, na sifa hunipanda kichwani haraka kuliko pombe, nayo pombe sijawahi kuonja.

Nilikuwa nimeziona taa za Krismasi kanisani, zimepangwa kwenye waya mrefu kutoka mbele mpaka mlangoni. Nikasema basi, kumbe ni hivyo tu. Nikachukua waya, nikaukata mahali pa kwanza nikaunga balbu, nikaukata mahali pa pili nikaunga balbu, na pa tatu vivyo hivyo, kama mtu anayetunga shanga. Stima iliingia balbu ya kwanza, ikatoka ikaingia ya pili, ikatoka ikaingia ya tatu, ndipo ikapata njia ya kurudi ilikotoka. Niliokoa waya mwingi kwa kufanya hivyo, na hilo nalo nilijisifia. Halafu nikazifunika kwa juu kwa kipande cha bati ili joto lisipotee darini, na kwa hivyo wewe hukuwahi kuona jinsi nilivyounganisha.

Nilipowasha, zikatoa mwanga mwekundu hafifu. Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Balbu zile zile nilikuwa nimezijaribu jikoni moja moja, na kila moja iliwaka mpaka tukakunja macho, na sasa zilikuwa kama makaa yanayoelekea kuzima. Mimi sikujiuliza. Akina mama walipokuja kutazama niliwaambia nimezifanya hivyo makusudi, kwamba mwanga mwekundu huwatuliza vifaranga wasidonoane. Hilo la kudonoana nilikuwa nimelisikia redioni, na ni kweli, lakini hapakuwa na makusudi yoyote. Waliniamini wote. Mama Shiru akasema nitaenda kumfungia na yeye taa za boma lake la ng'ombe.

Wewe peke yako ndiye uliyeona. Kazi yako ilikuwa kuwachungulia kabla ya kulala na asubuhi kabla ya shule, na baada ya kuwachungulia mara chache tu ulikuja ukaniambia, "Mum, hawa wanalaliana sana. Naona ni kama wanaskia baridi." Nikakuuliza kama ni wewe uliyesomea kuku. Ukasema hapana. Nikakwambia basi waache wenye kazi wafanye kazi. Ulikuwa na miaka kumi na tano na ulikuwa umeona sawasawa.

Halafu ikaja ile asubuhi ya ukungu. Nilifungua stoo nikakuta giza. Swichi ilikuwa imewashwa, lakini hakuna balbu iliyokuwa ikiwaka hata moja. Vifaranga walikuwa wamekimbilia pembe moja wakitafuta joto, wakapandana, na waliokuwa chini walikosa pumzi. Wachache wa juu walikuwa bado wanalia kwa sauti nyembamba. Nilipiga magoti kwenye maranda nikaanza kuwatenganisha kwa mikono, na kila niliyemshika alikuwa baridi. Kando ya plagi ya balbu, kwenye ekstensheni ya stoo, ilikuwa imechomekwa chaja na simu ya zamani niliyokupa ya kusomea. Hapo ndipo palipokuwa na soketi ya pekee iliyo wazi, na ni mimi niliyekuonyesha. Niliitazama ile simu na moyo wangu ukapata mahali pa kukimbilia.

Habari zilifika haraka. Akina mama walikuja na shali zao, wakasimama mlangoni bila kuingia, kama kwenye matanga. Mama Shiru akauliza taa zilizimwa na nini. Wewe ulikuwa umetoka nyumbani na sare ya shule, mkate mkononi.

"Ni chaja ya Nyambura," nikasema. "Imevuta stima yote, balbu zikakosa."

Wakati huo, nakuapia, nusu yangu iliamini. Nusu nyingine haikutaka kuulizwa. Ulijaribu kusema kwamba umekuwa ukichaji hapo kila siku na taa hazijawahi kuzima, nikakukata nikakwambia usinijibu mbele ya watu. Mmoja wao akafyonza. Mwingine akasema watoto wa siku hizi na simu. Nikaahidi mbele ya wote kwamba Jumamosi utapita kila nyumba uombe msamaha, kama ilivyo kawaida yetu huku mtoto akiharibu mali ya watu. Ulikwenda shule bila kumaliza mkate.

Jioni, kabla hujarudi, nilirudi stoo. Chaja nilikuwa nimeshaichomoa asubuhi. Nikarudisha plagi ya balbu, nikabonyeza swichi, giza. Nikaitoa ekstensheni nikachomeka redio, redio ikaimba. Kwa hivyo stima ilikuwepo. Ndipo nikazifungua zile balbu nikazipeleka jikoni kuzijaribu moja moja. Ya kwanza iliwaka. Ya tatu iliwaka. Ile ya katikati haikuwaka, na nilipoitikisa nikasikia kijiwaya chake cha ndani kikicheza. Nikaweka mpya mahali pake, na zote tatu zikawaka kwa pamoja, kwa ule wekundu wao. Nikaifungua ya mwisho kidogo tu. Zote zikazima. Nikaikaza, zote zikawaka. Nilifanya hivyo na ya kwanza pia, nikitumaini jibu litabadilika.

Niliketi juu ya gunia la viazi na nikaelewa, bila kitabu. Stima ilikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ilipita ndani ya kila balbu. Balbu moja ilipokatika, njia ilikatika, na zile nzima mbili hazikuwa na pa kupata kitu. Chaja yako ilikuwa na njia yake pembeni. Haikuwa imemnyima mtu chochote.

Hapo nilikuwa na nafasi. Ulifika nyumbani muda mfupi baadaye, ukavua viatu, ukaenda kukata nyasi za ng'ombe bila kuambiwa. Nilikuona kupitia dirisha la jikoni na nikafungua mdomo. Kisha nikafikiria nyuso za wale akina mama, nikafikiria Mama Shiru akisema si nilisema fundi, nikaufunga. Nikajiambia wewe ni mtoto, utasahau. Nikajiambia watu huwasamehe watoto upesi kuliko wanavyowasamehe watu wazima, na hilo ni kweli, ndiyo maana lilinifaa sana.

Jumamosi ilipofika tulibeba viazi vya kuombea msamaha, wewe ndoo, mimi kiroba. Nilijua tukitoka nyumbani. Nilijua tukiwa njiani, ukiniuliza utaanzaje kusema, nami nikakufundisha maneno. Kwa Mama Shiru ulisimama mbele yake ukaangalia chini.

"Auntie, pole sana," ukasema. "Ni mimi nilizembea. Sitawahi rudia."

Alikushika mkono. Akanigeukia akaniambia nimelea mtoto mwenye adabu, kwamba wengine wangekataa makosa yao. Na mimi, mama yako, niliipokea hiyo sifa. Nilisema asante. Nikinyamaza usiku na kutafuta jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya, si wale vifaranga ninaowaona. Naiona hiyo asante.

Una jina la mama yangu mzazi. Ndiyo maana tangu uzaliwe nakuita mama. Tukirudi nyumbani siku hiyo ulibeba ndoo tupu mbele yangu, na nilishindwa kukuita hivyo. Nilikuita Nyambura kwa siku nyingi baada ya hapo. Najua ulidhani ni hasira. Sikuwa na hasira nawe hata kidogo; nilikuwa naona kama ni yeye aliyesimama mbele ya wanawake wale akiomba msamaha kwa ajili yangu, na angenichapa.

Jina la "Nyambura wa chaja" lilikaa. Walilisema kwa utani, na wewe ulijifunza kucheka nao. Lakini mimi ndiye niliyekuona nyumbani. Kila siku kabla ya kulala ulizunguka ukichomoa plagi, ya redio, ya pasi, hata ya kitu ambacho hakijawashwa, kisha ukarudi kuhakikisha. Ulipokwenda kumtembelea Wangari, alinipigia simu akicheka, akasema mtoto wako ameingia hapa ameanza kutuzimia nyumba. Nikacheka na yeye. Baada ya kukata simu nilikaa na chakula mbele yangu nikashindwa kukila.

Chama kilinipa vifaranga wengine. Safari hiyo nilingoja uende shule, nikachukua daftari lako la fizikia nikatafuta mchoro. Mwalimu wenu aliwaandikia majina ya Kizungu, series na parallel. Mimi naiita ya shanga na ya ngazi, kwa sababu ndivyo michoro yako ilivyonikalia. Ya ngazi ina waya mbili zinazokwenda pamoja, moja ya kupeleka na moja ya kurudisha, na kila balbu imelala katikati, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, kama kidato cha ngazi. Kidato kimoja kikivunjika, vingine vipo. Nilifungua balbu ya katikati, na za pembeni zikaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nililia pale stoo. Ilikuwa kitu rahisi kiasi hicho, waya kidogo zaidi na subira kidogo zaidi.

Nikaelewa pia ule wekundu. Kwenye shanga, nguvu ya stima ya ukutani hugawanywa. Balbu tatu zinazofanana kila moja hupata theluthi, kama sahani moja ya githeri kwa watu watatu, na hakuna anayeshiba. Kwa hivyo hata kabla ya ile moja kukatika, vifaranga walikuwa hawapati joto la kutosha. Ulikuwa umeniambia. Kwenye ngazi kila balbu hupata nguvu yote, na ndiyo sababu ulipoingia stoo jioni hiyo ulikunja macho.

"Mum, mbona siku hizi zinawaka hivi?" ukauliza.

"Wameongeza nguvu ya stima," nikasema.

Ulinitazama kidogo, kisha ukaenda zako. Nadhani uongo wa pili ulikuwa mwepesi zaidi kwa sababu wa kwanza ulikuwa umeshasafisha njia.

Usidhani nilitoka hapo nikiwa mjuzi. Nilipoona ngazi inafanya kazi, nilianza kuchomeka kila kitu kwenye ile ekstensheni moja, birika, pasi, na hita ya kukaushia maranda, kwa sababu kila kimoja kilikuwa kinapata chake na hakuna aliyelalamika. Siku moja nikasikia harufu ya plastiki. Waya ulikuwa moto hivi kwamba haushikiki. Kumbe kila unachoongeza kwenye ngazi huvuta kiasi chake, na vyote hivyo hupita kwa pamoja kwenye ule waya wa mwanzo, ambao haukuwa mnene. Haukusema kitu mpaka ulipoanza kuyeyuka. Wewe utajua hesabu zake. Mimi nilijua kwa pua.

Na ile ya shanga, ambayo niliichukia miaka yote, haina kosa lolote. Nilikuja kufikiri swichi iko wapi. Iko kwenye njia moja na balbu yake, moja nyuma ya nyingine, na fyuzi vilevile, kwa sababu hapo ndipo unapotaka kitu kimoja kikikatika kila kitu kisimame. Kosa lilikuwa kuweka hivyo mahali ambapo uhai wa viumbe wengi ulitegemea kwamba hakuna kitakachokatika. Sitaki kuligeuza hilo kuwa mahubiri. Mchungaji wetu akisikia ataliiba Jumapili.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonitia aibu kuliko kuandika hayo yote, kwa sababu la vifaranga ningeweza kusema nilishtuka. Hili nilikuwa nimetulia.

Ulipomaliza kidato cha nne ukaniambia umechagua kusomea stima, nilikwambia uchukue mapishi. Nikasema hoteli ni nyingi Nakuru, utapata kazi karibu na nyumbani. Ulipokataa, nikasema lile jambo. Nilisema wewe na stima hamwelewani, unakumbuka vifaranga. Niliona uso wako ukifunga. Nilikuwa nalijua ninalofanya, Nyambura. Sikuogopa kwamba hutaweza. Niliogopa kwamba utaweza vizuri sana, na siku moja utaunga balbu tatu. Nilikuwa tayari kukukosesha kazi unayoipenda ili nisije nikaonekana.

Kisha ukasema, na nimeyasikia maneno hayo kila siku tangu hapo:

"Mum, nataka kujua chenye nilifanya hiyo siku. Nimefikiria venye chaja inaweza zima balbu, na haiingii akili. Nikisoma nitajua makosa yangu ilikuwa wapi."

Niliondoka nikaenda kukamua ng'ombe, naye alikuwa ameshakamuliwa. Umechagua kazi ya maisha yako ukitafuta kosa ambalo hukulifanya. Haliingii akilini kwa sababu halipo. Ulikuwa unafikiri sawasawa wakati wote huo, na mimi ndiye niliyekufanya uone kama akili yako ina kasoro.

Wiki hii niliposikia siku ya kuondoka imefika, nilikwenda kwenye mkutano wa chama. Nilingoja mambo mengine yaishe, nikasimama, nikawaambia. Niliwaambia habari ya shanga, ya balbu ya katikati, ya viazi tulivyobeba. Nilisema chaja ya mtoto haikuwa na hatia na kwamba mimi nilijua siku ile ile. Hakuna aliyefyonza. Ni afadhali wangefyonza. Mmoja aliendelea kukoroga chai yake ambayo sukari ilikuwa imeyeyuka zamani. Mwisho Mama Shiru akaniuliza kwa upole, na upole wake uliniuma, "Na msichana amesema nini?"

Nikasema sijamwambia.

"Sasa umetuambia sisi kwanza?" akasema.

Hata kuungama nilikuwa nimeungama kama nilivyokuwa nimeziunga zile balbu, nikianzia mahali rahisi. Nilikuwa nimetaka wao wanione jasiri kabla wewe hujaniona mwongo. Mama Shiru alinipa kazi ya kufanya kabla hujaondoka, na kazi yenyewe ndiyo hii barua. Lakini alisema jambo moja lingine ambalo nadhani ni lako. Alisema siku ile ulipoomba msamaha alishangaa, kwa sababu wewe hukuwa mtoto wa kuzembea, na kwamba alikaribia kuniuliza, akaona aibu kuniuliza mbele yako. Wote walikuwa na shaka na wote walininyamazia. Jina lile la chaja halitatajwa tena kwao. Hilo waliahidi bila kuombwa.

Utakosea chuoni, na utakosea kazini. Utakaza skrubu isiyopaswa, utaacha waya mahali pabaya. Sina hofu na hayo. Ninachokuomba, ukiweza kuombwa na mtu kama mimi, ni useme siku hiyo hiyo, wakati kosa lingali dogo na linamgusa mtu mmoja tu. Langu nililiacha likakua nawe. Lilikwenda nawe shule, likarudi nawe likizo, likakuzungusha nyumba ukichomoa plagi. Ningelisema jioni ile lingekuwa habari ya mama mmoja mwenye kiburi na vifaranga wake, na watu wangenicheka mpaka Krismasi, basi.

Jambo jingine. Siku ukiona kitu na mkubwa akakwambia wewe si mtaalamu, kitazame tena. Usigombane, kitazame tu. Nilikuzoesha kuamini sauti kubwa kuliko macho yako, na hilo sijui nitalilipa na nini.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya nguo zako, ili uikute Eldoret mimi nikiwa mbali. Nilishafungua sanduku. Nikaona ni ujanja ule ule, wa kutaka wewe ubebe jambo langu peke yako ukiwa kati ya watu usiowajua. Kwa hivyo nitakupa mkononi kabla ya chai. Baba yako nimemwambia yote kwa simu jioni hii. Amesema atakaa nje na gari mpaka umalize kusoma, hata kama ni adhuhuri.

Sikuombi unisamehe kesho. Sikuombi hata unikumbatie langoni kama watu wanavyofanya. Ukitaka kwenda bila kusema neno, nenda, na nitajua ni haki yako. Ukitaka kupiga kelele, piga. Jirani wakisikia nitawaeleza kwa nini.

Lakini ukifika mstari huu, mama, inua macho. Nimeketi mbele yako, na sijashika kazi yoyote mkononi.

Mama yako